Mtungi wa Fungate

"Na mfuko wa mtungi," Jarso alisema akiwa keshafika mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka chumvi baada ya kutoka dukani. "Usisahau mfuko wa mtungi, Kombo. Ushone upande wa kichwani."

Mwanakombo hakuinua uso. Cherehani ilikuwa katikati ya mshono mrefu wa paa la hema, na kitambaa cha kurudisha jua kina tabia ya kuteleza ukikiachia hata kidogo. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Kichwani kwa nani?"

"Kwetu. Ndani, usawa wa mto. Hapo upepo wa usiku haumpigi."

"Haumpigi nani?"

Jarso alitazama viatu vyake. "Talaso," alisema.

Basi jina likatajwa, na karakana nzima ikawa ndogo. Mwanakombo alikuwa ameshona mahema ya watalii, ya wachimba chumvi na ya madaktari wa ngamia, na pale Isiolo hakuna fundi wa mahema aliyemshinda. Lakini hili lilikuwa hema la kwanza kulishona kwa ajili yake mwenyewe. Alilikata la watu wawili, tena wawili wanaopendana, maana nafasi aliyoiacha haikuwa ya kujinyoosha. Leo anaambiwa atoboe ukuta wake, ashone mfuko, na humo mfukoni akae mke wa kwanza wa mumewe.

Na mke mwenyewe alikwisha kufa! Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mke mwenza aliye hai ana nafuu. Hunenepa, hukoroma, na siku moja ataunguza wali mbele ya wageni, nawe ukacheke peke yako jikoni. Aliyekufa haunguzi kitu. Kila mwaka unaopita anazidi kuwa mpishi bora.

"Kibali kimeandika watu wawili," alisema.

"Na sheria inataka kiongozi. Hakuna anayeingia Chalbi bila kiongozi, wewe unajua."

"Ofisini kuna mitungi ya kukodi chungu nzima."

"Iko. Lakini hakuna aliyeijua Chalbi kama yeye. Nikupeleke jangwani na kiongozi nisiyemjua?"

Hapo alikuwa na haki, na mtu mwenye haki anaudhi. Mwanakombo alirudisha mguu kwenye cherehani, ikanguruma, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Safari yenyewe ilikuwa ahadi ya zamani. Kwao Malindi, maharusi hukaa ndani siku saba, wakila na kulala na kuoneana haya, na hiyo ndiyo fungate. Mwanakombo hakuipata yake. Ndoa haijapoa, dhoruba ya vumbi ikakwamisha malori kaskazini kote, na Jarso, fundi wa injini za jua, akaitwa. Aliporudi alikuwa mweusi kwa grisi na mwingi wa aibu. "Fungate yako nitakupa jangwani," aliapa. "Siku saba, sisi wawili, mahali hakuna simu wala jirani." Hifadhi ya Taifa ya Chalbi huruhusu watu wachache tu kulala ndani yake, tena kwa kura, na mwaka huu kura iliwaangukia.

Sisi wawili. Aliapa hivyo kwa mdomo wake.

Jioni, kama jioni zote, Jarso alitwaa kikombe cha bati akaenda kuketi mbele ya rafu ya chumba cha mbele. Mtungi uliokaa pale haukuzidi dafu kwa ukubwa. Ulikuwa wa udongo mwekundu, wenye shingo fupi, na ngozi yake ilikuwa na unyevu daima, maana ulitoka jasho kama mitungi ya maji ya mabibi zetu. Ndani yake mlikuwa na tonge la neva zilizooteshwa maabara. Talaso alipokuwa mlinzi wa hifadhi alilifundisha tonge hilo kwa miaka, akitembea jangwani na kofia ya nyaya kichwani, na kila alichokisikia, alichokikumbuka na alichokiogopa kilijichapa humo. Ugonjwa ulipomchukua, mtungi ukabaki. Tonge likipata joto huharibika, ndiyo sababu ya udongo, na udongo ukikauka hauna faida, ndiyo sababu ya kikombe.

Mashine za ramani zilishindwa na Chalbi zamani. Ardhi yake ni ganda la chumvi juu ya tope. Leo limebeba lori, kesho linalimeza. Ganda hulijua mtu aliyelitembea, kwa mlio wake chini ya gurudumu, na watu wa namna hiyo walio hai wamebaki wachache na wazee.

Jarso alimimina maji polepole kwenye shingo ya mtungi, akaanza kusema kwa Kiborana, chini chini. Mwanakombo alijua Kiborana cha salamu tu. Alisimama nyuma ya pazia akisikia sauti ya mwanamke ikijibu, nzito kidogo, isiyo na haraka. Kisha akamsikia mumewe akicheka kicheko kile kifupi cha puani, ambacho yeye alidhani ni chake peke yake.

Juma alilohamia nyumba ile alinunua leso yenye maandishi WENYE WIVU MTALALA MACHO. Kila jioni alijifunga leso hiyo akapita nayo mbele ya rafu, mara ya kwenda na mara ya kurudi. Mtungi hauna macho. Hilo alilijua vizuri sana, na bado alipita.

Kilichompa hoja sasa ni maji. Maji ya hifadhini hugawiwa kwa idadi ya midomo iliyo kwenye kibali, na mtungi hauna mdomo. Kila tone ambalo Talaso angekunywa kule lingetoka kwenye fungu lao wawili, na jangwani mtungi hunywa kama mtoto mwenye homa. Ipo dawa yake, na Mwanakombo aliijua. Fundi wa mahema asijue kivuli? Koti dogo la kitambaa cha kurudisha jua, lenye matundu ya kupitishia jasho, lingeikata kiu ile nusu kwa nusu. Vipande vilikuwa vimejaa sakafuni. Alivifagia kila siku akavitupa, na hakumwambia mtu.

*

Mitungi yote hukaguliwa kabla ya safari. Kesho yake Jarso alikuwa chini ya lori, kwa hiyo Mwanakombo ndiye aliyeubeba mtungi hadi kituo cha ukaguzi, ndani ya kikapu alichokishika mbali na mwili kana kwamba kingemchafua. Mkaguzi aliitwa Ekai, mtu wa makamo mwenye miwani minene na vidole vya taratibu. Aliugonga udongo kwa ukucha, akasikiliza.

"Mzima kabisa huyu," alisema. "Mmemtunza vizuri, mama."

"Anakunywa sana."

"Kwa sababu hajapogolewa. Ana kila kitu chake bado."

Mwanakombo alitazama nje dirishani, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka. "Kupogolewa ndiyo vipi?"

"Ni kama mti. Unakata matawi ili usinywe maji mengi." Ekai alifungua kisanduku kilichokuja na mtungi, akatoa sindano nene kama ya kushonea magunia. "Hii unaitia hapa shingoni, unaizungusha mpaka taa ya chini igeuke nyeupe. Zinaondoka sura, majina, nani alimpenda, nani alimkosea. Njia zinabaki. Visima vinabaki, upepo, mlio wa ganda. Akishapogolewa anakunywa nusu."

"Na ruhusa anatoa nani?"

"Mtu mzima yeyote wa nyumba. Wewe unatosha."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mwanakombo alihisi joto likimpanda shingoni, joto la furaha mbaya, akaogopa lisionekane usoni. Akauliza haraka, "Anaumia?"

"Sheria inasema mtungi si mtu."

"Sikukuuliza sheria, kaka."

Ekai alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Mimi huwaambia kwanza, kabla sijatia sindano. Wengine hukaa kimya tu. Kulikuwa na mmoja, aliomba aachiwe jina la mamake, mengine yote tuchukue. Nikamwambia haiwezekani. Humo ndani si kama nguo, kwamba utafumua mshono huu uache ule."

"Ukafanya?"

"Wenyewe walitaka." Alirudisha miwani, akarudisha sindano kisandukuni. "Na tawi la humu likikatwa halichipui tena. Hilo nakwambia mapema, usije ukarudi kunililia."

Njia nzima ya kurudi Mwanakombo alijisemea neno moja: maji. Ni kwa ajili ya maji. Kisingizio kizuri hakihitaji kusemwa mara nyingi, lakini chake alikisema mpaka alipofika mlangoni.

*

Jarso aliondoka baada ya chakula cha mchana kwenda kuchukua magurudumu mapana ya chumvi. Mwanakombo alifunga mlango wa karakana, akauweka mtungi juu ya meza ya kukatia, akafungua kisanduku. Sindano ilikuwa baridi. Angeweza kuitia pale pale, bila neno. Lakini wivu una udaku wake. Hauridhiki mpaka uone kinachouuma kina sura gani. Alibonyeza kitako cha mtungi kuuamsha, maana ukilala hausikii kitu.

"Jarso?" sauti iliita, kisha maneno mengine ya Kiborana.

"Si Jarso."

"Aaa." Sauti ikahamia Kiswahili bila shida. "Basi wewe ndiye binti wa shangazi."

"Binti wa shangazi gani?"

"Huyu anayekuja na sisi kupika. Jarso ameniambia. Ati mkono wako kwa wali wa nazi hauna mfano, na unashona mahema pia. Karibu. Mimi ni Talaso, na najua nilikufa, kwa hivyo usihangaike kunificha."

Mwanakombo alikaa kwenye kigoda. Mpishi! Ameolewa kwa mahari na mashahidi, pilau ikaliwa mpaka jirani wakabeba na masufuria, kumbe ni mpishi. Wa safari. Binti wa shangazi! Kwa dakika ile hakujua amchukie nani kwanza, na kwa kuwa aliyekuwa karibu ni mtungi, alianza na mtungi. Aliikaza sindano mkononi.

"Na safari ni ya nini?" aliuliza. "Alikwambia?"

"Anataka kupumzika. Anataka kulala tena Mawe ya Darmi, pale tulipopiga hema letu la kwanza, mimi na yeye."

Ukutani kulikuwa na ramani ya hifadhi, na juu yake uzi mwekundu ambao Mwanakombo mwenyewe aliutandaza kwa pini, akifuata maelekezo ya mumewe. Katikati uzi ulipinda sana kuelekea mashariki bila sababu, siku nzima ya kwenda na kurudi. Alipouliza, Jarso alisema pale jua likichomoza panapendeza. Yeye akapachomeka pini kwa mkono wake.

"Wewe umewahi kulala jangwani?" Talaso aliuliza.

"Mimi mtu wa Malindi."

"Basi sikiliza, maana Jarso hatakwambia, yeye husahau mpaka kitu kimharibikie. Maji msiweke kwenye tangi moja. Gawa kwenye vibuyu vidogo, vikae chini ya viti. Kimoja kikipasuka hamjafa. Chukua samli ya midomo, chumvi ya Chalbi itakupasua mpaka ushindwe kucheka. Viatu vyako viwe vikubwa kidogo, maana miguu huvimba. Mlango wa hema uupe mgongo mlima Kulal, upepo wa huko hauna adabu. Na nazi acha."

"Niache nazi?"

"Itachacha siku ya pili."

"Sasa nitapika nini?"

"Wali."

"Wali bila nazi?" Mwanakombo alisahau kuchukia. "Huo ni wali au ni chakula cha kuku?"

Talaso alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani. Mwanakombo akaelewa, na akaumia upya, kwamba Jarso hakuzaliwa nacho, alikichukua huku. Hata kile alichodhani ni chake kilikuwa cha mkono wa pili.

"Nakuonea huruma kitu kimoja," Talaso aliendelea. "Mumeo. Hatakasirika, wewe kukaa wiki nzima jangwani na mume wa mtu?"

Cherehani ilikuwa imezimwa, mtaa ulikuwa umelala mchana, na maneno yale yalibaki hewani, mume wa mtu, mpaka Mwanakombo akashindwa kuyavumilia.

"Mume wangu ndiye atakayeendesha lori," alisema.

Tone moja la jasho liliteremka ubavuni mwa mtungi likadondokea mezani.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mfungo mosi."

"Mwaka jana." Sauti haikupanda. "Na kila jioni ananimiminia maji ananiambia nyumba ni kimya. Ati hana mtu wa kuongea naye. Mimi akiniamsha mchana nikisikia cherehani, nikafikiri ni ya jirani."

Kumbe hayo ndiyo maneno matamu ya Kiborana. Mwaka mzima Mwanakombo alisimama nyuma ya pazia akiyatafsiri kwa moyo wake, na moyo wake ulikuwa umeyatia sukari isiyokuwemo. Mwanamume alikuwa akimdanganya yule ili asimuumize, akimdanganya huyu ili asimkasirishe, na yeye mwenyewe akipata vikombe viwili vya kupendwa kila siku.

"Sindano umeishika mkono gani?" Talaso aliuliza.

Mwanakombo alishtuka ikamdondoka mezani.

"Niliisikia ikigonga udongo wangu uliponiamsha. Masikio ndiyo niliyobaki nayo, mwanamke. Nilikuwa nangojea nione utaitia kabla ya salamu au baada."

"Ni maji," Mwanakombo alisema, na hata yeye alijisikia uongo. "Hapana. Si maji. Ni wivu. Nina wivu nawe mpaka chakula hakishuki."

"Mimi je? Unafikiri udongo hauoni wivu? Nilipokuwa naumwa nilimwambia aoe. Nilisema kwa mdomo tu. Moyo haukuwepo. Sasa fikiria vizuri. Mtakuwa katikati ya chumvi, vumbi limefunga macho, na mimi nitasema geuka kushoto. Utageuka?"

"Sijui."

"Mimi kama ni wewe nisingejua pia. Nimewatoa watu Chalbi walionitukana matusi ya nguoni, na sikuwatoa kwa sababu nina huruma. Ndiyo kazi. Lakini hilo ni neno langu tu, huna pa kulipima. Ukinipogoa, utageuka bila kuuliza, na mimi nitakupeleka kama jiwe linavyoteremka mlima. Sitakujua wewe, sitamjua Jarso. Basi chagua. Lakini kama ni kukata, kata leo, kabla hatujazoeana."

Mwanakombo aliiokota sindano. Aliona wazi jinsi mambo yangekuwa mepesi: mtungi wa njia tu, lori, hema la watu wawili kweli. Kisha akamwona Jarso jioni, na kikombe chake, akimimina na kuita, na mtungi ukimjibu habari za visima. Angemlilia Talaso upya. Aliyekufa mara moja alikuwa amemsumbua kiasi hiki. Aliyekufa mara mbili nani angemweza? Hilo lilikuwa wazo la wivu, na Mwanakombo alilijua kuwa ni la wivu. Nyuma yake kulikuwa na jingine lililomshika zaidi, nalo lilitoka kwa Ekai na miwani yake.

"Mamako aliitwa nani?" aliuliza.

"Elema. Kwa nini?"

"Basi tu."

Akairudisha sindano kisandukuni, na kisanduku akakisukuma chini kabisa ya robota la vitambaa, mahali ambapo yeye mwenyewe angepata taabu kukifikia.

Bibi yake Mwanakombo alikuwa mke wa pili. Alisimulia mara nyingi kwamba siku alipoolewa alikwenda kwa mke mkubwa na doti ya leso kwenye sinia, akamwamkia, na mkubwa akaipokea. Hawakupatana hata siku moja tangu hapo. Waligombana kwa kuni, kwa watoto, kwa zamu. Lakini mmoja alipougua, mwenzake ndiye aliyemwogesha, kwa sababu leso ilikwisha kupokelewa na neno haliwezi kurudi nyuma.

Mwanakombo alifungua leso aliyojifunga. Alikusanya vipande vya kitambaa cha kurudisha jua sakafuni, akavipanga kama magamba ya samaki, na matundu kati yake ili jasho lipite, akavishonea kwenye leso, akauvisha mtungi. Kazi nzima ilimchukua muda mfupi wa kumtia aibu.

"Hii ni nini?" Talaso aliuliza.

"Koti. Litapunguza kiu yako nusu." Akanyoosha pindo lake. "Ningeweza kukushonea tangu mwanzo."

"Najua. Mshona mahema asijue kivuli? Nilimwambia Jarso akuombe, akasema ulikataa una kazi nyingi."

"Hakuniomba!"

"Basi hata hiyo alidanganya." Mtungi ulitulia kwenye nguo yake. "Nasikia ni leso. Leso za pwani zina maneno. Yangu inasemaje?"

Mwanakombo alitamani ardhi ipasuke. Akasoma kwa sauti ndogo, "Wenye wivu mtalala macho."

Kicheko kile cha puani kikatoka, kikawa kirefu, kikawa kicheko kamili mpaka udongo ukatetemeka mezani. "Mimi sina macho, mwanamke! Nitalala nayo yapi?"

Naye Mwanakombo akacheka, bila kutaka, machozi yakimtoka.

"Sasa lete ramani," Talaso alisema walipotulia. "Mawe ya Darmi toa. Pale ni pangu. Sitaki mtu apige hema juu ya hema langu, hata wewe, na sikuombi msamaha kwa hilo."

"Usiniombe," Mwanakombo alisema, akaing'oa pini kwa furaha ambayo wala hakuificha.

"Peleka uzi kaskazini. Zaidi. Hapo, penye korongo ambalo halina jina. Ndani kuna mchanga mweupe na chemchemi ndogo isiyo na chumvi. Nilipaona siku moja nikiwa peke yangu, na sikumwambia mtu, hata Jarso. Fungate yako ukaifanyie hapo. Na mfuko wangu usinishone kichwani."

"Nikushone wapi?"

"Mlangoni, kwa nje. Huko ndani kuna kitu gani nikakisikilize?"

*

Jarso alirudi kabla ya magharibi na magurudumu manne na jasho. Alilikuta hema limekwisha, limekunjwa, mfuko ukionekana nje ya mlango wake. Akautazama. Akautazama mtungi uliovaa leso mezani. Mwisho akaitazama ramani, akausogelea uzi mwekundu kwa kidole.

"Nani amebadilisha njia?"

"Wake zako," Mwanakombo alisema, akiendelea kufagia.

Kidole cha Jarso kilisimama. Hakugeuka upesi. Alipogeuka, alikuwa na uso wa mtu aliyesikia ganda la chumvi likilia chini yake.

"Kombo, mimi nilikuwa nataka kukwambia. Wote wawili. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Mwaka mzima?" Mwanakombo alisema. "Mimi binti wa shangazi nitakupikia. Lakini bila nazi, nimekatazwa."

Jarso alirudi kwenye ramani kama mtu anayetafuta mahali pa kujificha. "Na hapa kaskazini ni wapi? Huku hakuna kitu. Mimi na Talaso hatujawahi kufika hapa."

"Wewe hujawahi," sauti ilisema kutoka mezani. Ilisema kwa Kiswahili, na Jarso alilitambua hilo pia.

Kwa kukosa la kufanya alitwaa kikombe cha bati, akakijaza, akasogea mezani kama jioni zote.

"Weka hicho kikombe," Talaso alisema. "Atanimiminia mwenzangu."

Mwanakombo aliegemeza ufagio, akakichukua kikombe kutoka mkononi mwa mumewe, maana yeye hakuwa akikiweka. Akamimina taratibu kwenye shingo ya mtungi. Jarso alisimama kando, mikono mitupu, akiwaangalia.

"Talaso. Huko kaskazini ulikwenda na nani?"

Mtungi haukujibu. Mwanakombo, aliyekuwa na jibu, aliendelea kumimina. Aliinua macho mara moja tu akautazama uso wa mumewe, akaujua. Alikuwa ameuona kila jioni kwa mwaka mzima, kwenye kioo cha kabati, kila alipotoka nyuma ya pazia.

Alimimina mpaka tone la mwisho. Usiku ule Mwanakombo alilala fofofo. Aliyelala macho ni Jarso.